Semi otomatiki haiuawi na vumbi, inauawa na oili

Kila mwaka watu wakianza kupanga ile safari ya Tanzania ya kupiga ndege simu yangu inaanza kulia, na swali ni lile lile, fundi, ninunue semi otomatiki ya gesi ama ya inesha, gani haikwami? Nimelijibu hapa Nakuru mpaka nimechoka kulijibu kwa simu, na nimeona wacha niliandike, sababu watu wanatoa pesa nyingi sana kwa swali ambalo haliwasaidii. Shotgani inayojipakia yenyewe, ndiyo semi otomatiki, ikikwama, mara nyingi kosa haliko kwa mashine iliyozaliwa nayo. Ni oili umeimwagia. Ama ni katriji ulizonunua kwa bei ya chini, ama ni vile umeishika, lakini hayo mawili ukiyaweka kando ya oili ni madogo, na kwa mji wetu huu naweza kusema hayo nikiwa na hakika.

Wamaasai waliita hapa mahali pa vumbi na hawakukosea. Mwenye alikuwa hapa miaka ya tisini, wakati ziwa lilikauka karibu lote, anakumbuka ule unga mweupe wa magadi ukipanda na upepo wa mchana, unaingia kwa chai, unaingia kwa kabati, unaingia kwa saa ya mkono. Saa hii ziwa limejaa limemeza mpaka barabara za mbuga lakini vumbi la mashamba liko pale pale, Januari na Februari ukitoka Njoro ukielekea Mau Narok trekta moja inatosha kufunika gari tatu. Na ukishuka Gilgil, pale Kariandusi kunachimbwa ule udongo mweupe mwepesi wa diatomaiti, ambao viwandani unatumika kuchujia vitu na pia kung'arishia chuma. Kung'arisha maana yake ni kukwaruza polepole. Sasa chukua vumbi la aina hiyo, lichanganye na oili, liweke katikati ya vyuma viwili vinavyosuguana mara mia mbili kwa asubuhi moja. Hiyo ni msasa umejitengenezea mwenyewe.

Kabla niendelee niseme wazi wazi: hapa Kenya huwezi kuwinda ndege kwa starehe. Uwindaji ulipigwa marufuku 1977, ndege wakabaki wanapigwa kwa leseni miaka mingi baada ya hapo, lakini sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mlango wa uwindaji wa starehe. Wale wananipigia ni watu wako na vyeti vyao vya bunduki, hapa nyumbani wanapiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani na msimu ukifunguka wanavuka mpaka na vibali vyote mkononi. Wewe unayetaka kupiga kanga huko Solai usiniletee bunduki yako, sitaigusa.

Mimi haya mambo nilianza kuyaona nikiwa mtoto. Mwanzo wa miaka ya themanini baba alikuwa akifanya kazi kwa shamba moja la ngano upande wa Njoro na ngano ikishavunwa wageni walikuwa wanakuja kupiga kwale na kanga kwa mabua, yeye kazi yake ilikuwa kubeba bunduki na mkoba wa katriji mchana, na jioni kuzisafisha. Mwenye shamba alikuwa na bunduki mbili, moja ya mitutu miwili, ingine otomatiki kongwe, ile ya mtutu wenyewe kurudi nyuma ukifyatua. Ile ya mitutu miwili baba aliipaka mafuta vizuri. Ile otomatiki aliipangusa na tambara kavu, halafu anapitisha kidole, akiona kidole kimelowa anarudia tena. Nikamuuliza kwa nini hii nyingine unainyima, akasema hii inakula mafuta na vumbi pamoja, haiwezi kuchagua.

Ule mfumo wa mtutu kurudi nyuma ndio mama wa hizi zote. John Browning wa Marekani alipata hataza yake 1900, akakosana na kampuni ya bunduki ya Winchester juu ya malipo, akaenda kwa wenzao wa Remington na yule mkubwa wao akafariki ghafla Januari 1902 hata kabla ya kuongea naye, basi akapanda meli akaipeleka Ubelgiji kwa kiwanda cha bunduki cha FN, na Browning Auto-5 ikaendelea kutengenezwa mpaka karibu mwisho wa karne. Karibu miaka mia moja! Ndani yake, kwa lile bomba la magazini linalobeba katriji, kuna ringi za kuleta msuguano, na hizo ringi lazima uzipange kulingana na katriji, nzito ama nyepesi. Ukizipanga za nzito na wewe unapiga nyepesi, mtutu haurudi wote, ganda linabaki limeng'ang'ana mlangoni. Na kuna jambo watu hawalijui, kwamba oili kwa hilo bomba inaharibu hesabu yote. Msuguano ndio breki. Ukimwaga oili kwa breki unategemea nini? Kuna mgeni mmoja alikuja pale shambani akaona bomba limekauka akahurumia bunduki akailowesha, na siku hiyo ilipiga teke mpaka ule mti wa mbele, pale mkono wa kushoto unashika, ukapasuka kutoka juu mpaka chini. Baba ndiye aliulizwa. Hakuwa ameigusa siku hiyo.

Tukuje kwa gesi. Bunduki ya gesi iko na vitundu vidogo kwa mtutu, risasi ikipita sehemu ya gesi inaingia humo inasukuma pistoni, pistoni inasukuma bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya katriji, ganda linatoka na ingine inaingia. Ubora wake ni teke, ni laini, bega linashukuru, na ndio maana Remington 1100 ilipoingia sokoni 1963 ilikubalika sana na ikauzwa kwa mamilioni. Kasoro yake ni kwamba ule moshi na masizi unavuta mwenyewe unaingiza tumboni mwa bunduki. Halafu hiyo 1100 iko na oringi moja ya raba, kitu kidogo tu kama ile ya mfereji wa maji, ikikatika gesi inatorokea kando na bunduki yako ya risasi kadhaa inageuka ya risasi moja moja, kila mara unavuta bolti kwa mkono. Mwenye anaijua bunduki yake anabeba oringi mbili mfukoni na maneno yanaisha. Mwenye haijui anarudi nyumbani akisema gesi ni mbaya. Hizi za juzi juzi, kama zile Beretta za gesi, ziko na vali ya kutoa gesi iliyozidi, kwa hivyo zinakubali katriji nyepesi na nzito bila wewe kupanga chochote, na kwa maoni yangu hapo ndipo gesi ilipiga hatua kubwa kuliko zote.

Ya inesha ni hadithi ingine. Benelli wa Urbino, Italia, walianza 1967 na mfumo wa Bruno Civolani. Hakuna tundu, hakuna pistoni. Bolti iko na vipande viwili na springi fupi ngumu katikati, ukifyatua bunduki yote inaruka nyuma kwa bega lako lakini kile kipande kizito cha bolti kinabaki kidogo pale kilipokuwa kama abiria wa matatu dereva akikanyaga mafuta ghafla, springi inabanwa, halafu inafunguka inairusha bolti nyuma. Moshi wote unatokea mdomoni. Ukiifungua baada ya siku nzima unakuta ndani pasafi, na hapo ndipo watu wa vumbi kama sisi tumeipenda, nami naipenda pia, lakini usidanganywe kwamba haiwezi kukwama. Inataka bunduki isonge. Mtu akiegemea mti, bega limebanwa na gogo, ile bunduki haina pa kwenda na mashine haipati nguvu. Ukiibandika mizigo, tochi, mfuko wa katriji ubavuni, umeifanya iwe nzito na imepunguza mwendo. Na ikiwa mpya na springi bado ngumu, ukaipa katriji za gramu 24 za visahani, inaweza kukataa, ianzie za gramu 32 ama zaidi kwa boksi kadhaa, italegea.

Kisha kuna ile klik. Wenye wako nayo wanaijua. Kichwa cha bolti kinazunguka kidogo ndio kifunge, sasa ukirudisha bolti polepole kwa mkono usitishe ndege, ama ukiigonga kwa mlango wa gari, kinaweza kusimama kabla ya kufunga kabisa, na huwezi kuona kwa macho. Bata anakuja, unavuta, klik, hakuna kitu. Hiyo springi ya kufunga haina nguvu nyingi sana na ukiiongezea oili nzito yenye vumbi pale kichwa kinazungukia, umeipa kazi haiwezi. Dawa ni kuachilia bolti ijigonge yenyewe kwa nguvu zake zote, usiibembeleze, na kuiangalia tena kila ukitoka kwa gari.

Sasa nieleze kosa langu, sababu nilijifunzia hapo. Nilikuwa bado kijana nikifanya kazi chini ya fundi mwenye leseni, mzee mmoja akaleta semi otomatiki yake isafishwe, anasafiri kesho yake kwenda upande wa Arusha. Oili ya bunduki ilikuwa imeisha. Nikachukua oili ya injini, safi kabisa, haijatumika, nikaipaka kila mahali nikaona vile inang'aa nikafurahi, na mzee akaiona inang'aa akafurahi pia akaniachia kitu. Alirudi baada ya wiki. Hakupiga kelele. Aliiweka mezani akaniambia fungua. Ndani kulikuwa na tope jeusi zito kama uji wa wimbi uliolala, na ndani ya hilo tope kulikuwa na mbegu za nyasi, mchanga, vipande vya plastiki ya katriji. Akaniambia siku ya kwanza ilipiga vizuri, siku ya pili asubuhi ikaanza kuchelewa, mchana ikawa ya risasi moja, na kuna kanga wawili aliwajeruhi wakaingia kwa kichaka hawakupatikana, sababu risasi ya pili haikuingia chemba, pale nyuma ya mtutu katriji inapokaa. Hao kanga wawili bado nawafikiria. Mtu akiniambia kukwama kwa bunduki ni hasara ndogo, unavuta tu bolti unaendelea, namwambia hapana, ile risasi ya pili kazi yake ya kwanza ni kumaliza ndege ambaye tayari umemuumiza, na kama haiko, yeye ndiye analipa.

Tangu hapo nafanya hivi. Naosha vyuma vya ndani kwa mafuta ya taa na brashi, nakausha kabisa, nikiwa na hewa ya kompresa vizuri, nikikosa nangoja jua. Kwa njia za bolti naweka tone moja kila upande la oili nyepesi ya bunduki, nasambaza na kidole mpaka ibaki mng'ao tu, ukigusa kidole hakilowi. Kama ni ya gesi, pistoni na bomba lake naacha kavu kavu, isipokuwa mtengenezaji ameandika vingine kwa kijitabu, sababu oili hapo inaungua na kuwa kama gundi. Chemba naisugua na brashi ya shaba halafu kitambaa kikavu, hapo hata mng'ao sitaki. Kifyatulio na vyuma vyake napuliza tu na kukiangalia. Watu wengi wanafanya kinyume, chemba ndio wanajaza oili, na hiyo oili inashika yale mabaki ya plastiki yanayoachwa na katriji, inakuwa utandu, ganda linanata.

Lakini kuna sehemu moja ambayo inaua bunduki nyingi kuliko hata vumbi na hakuna mtu anaitaja, ni ile springi ndefu ya kurudisha bolti. Kwa bunduki nyingi za aina hii, 1100 na Benelli nyingi za kawaida zikiwemo, imekaa ndani ya kitako, kwa bomba, huioni mpaka utoe kitako. Mvua ikikunyeshea maji yanateremka humo yanakaa. Mwaka mmoja, miaka miwili, kutu. Bolti inaanza kurudi kwa uvivu, mwenye bunduki anasafisha huku mbele kila jioni na ugonjwa uko nyuma. Hapo ndipo mimi siogopi oili, springi hiyo naipaka, naining'iniza ichuruzike, narudisha. Mara mbili kwa mwaka, na kila ikinyeshewa.

Na hapa niwaombe radhi watu wa Kisumu, sababu kuna jamaa wa huko alifuata maneno yangu ya ukavu vile nilivyomwambia mtu wa Nakuru, akaacha bunduki kavu kwa nyumba ya karibu na ziwa, msimu wa mvua ndefu, alipoitoa mtutu ulikuwa umeshika madoa ya kahawia kama ndizi iliyoiva. Kosa lilikuwa langu, sikumuuliza anakaa wapi. Kisumu hewa yenyewe ina maji. Huko ngozi ya nje ya bunduki na ndani ya mtutu inataka utando wa oili ikiwa imelala kabatini, na isilale kwa ile mfuko ya ngozi ama ya sponji, inavuta unyevu. Kisha siku ya kutoka unapangusa yote, mtutu na chemba vinakuwa vikavu. Kulala na oili, kutembea bila oili, watu wa ziwa washike hivyo. Hata katriji huko zinaumwa, zile za zamani za ganda la karatasi zilikuwa zinavimba haziingii chemba, hizi za plastiki ni afadhali lakini kile kitako cha chuma kinashika kutu.

Kuhusu katriji zenyewe sitakaa sana. Za bei ya chini kitako chake mara nyingi ni chuma iliyopakwa rangi ya shaba, ukifyatua inatanuka na hairudi vizuri kama shaba yenyewe, kwa chemba yenye mikwaruzo inashikwa na ile kucha ya kuvutia ganda inateleza. Mtu ananiambia bunduki yangu imebadilika, namuuliza umebadilisha katriji? Ananyamaza. Na usiweke kamwe katriji ya milimita 76 kwa chemba ya 70. Wakati mwingine inaingia vizuri tu, na ndio maana ni hatari, sababu mdomo wa ganda ukifunguka hauna nafasi na mgandamizo unapanda.

Wale wanasema bado kwamba mfumo ndio kila kitu, nawapeleka Córdoba, Argentina. Kule njiwa ni wengi kiasi kwamba mgeni mmoja anaweza kufyatua risasi elfu moja na zaidi kwa siku, hakuna mahali bunduki zinateseka kama kule, na ukiangalia zinazofanya kazi utakuta za gesi na za inesha zimepangwa pamoja. Zinavumilia sababu kuna mtu kazi yake ni kuzifungua na kuzipangusa siku kwa siku. Hakuna mfumo wa kukuondolea hiyo kazi.

Najua kuna wazee wataniambia mitutu miwili haina haya yote. Ni kweli, na sitabishana nao. Mitutu miwili ni kama bunduki mbili kwa kitako kimoja, mmoja ukikataa mwingine upo, unaivunja unaona kama iko na risasi ama haina, hata kwa usalama naipenda zaidi ukiwa na kundi la watu. Mtu ambaye najua hatasafisha, namwambia anunue hiyo. Na wingi wa risasi si sababu ya kununua otomatiki, Marekani kwenyewe kwa ndege wanaohama sheria inataka bunduki isibebe zaidi ya risasi tatu, tangu 1935. Sababu ya kweli ni bega. Kuna mama mmoja mteja wangu, alivunjika mfupa wa bega kwa ajali ya barabara, mitutu miwili ilimshinda kabisa alikuwa anafumba macho kabla ya kuvuta, tukamtafutia ya gesi, nzito kidogo, katriji za gramu 28, na saa hii anapiga visahani boksi nne kwa asubuhi na anaisafisha mwenyewe kuliko wanaume wote wanaoniletea zao. Huyo ndiye nikiulizwa otomatiki ni ya nani namtaja.

Jana amenipigia jamaa mwingine, amepata ya inesha, imetumika kidogo, bei nzuri, anauliza kama itafika Tanzania bila kumwaibisha. Nikamwambia aje nayo Jumamosi asubuhi, na aje na boksi nne za zile katriji atakazobeba huko, sio zingine, twende tukazipige zote mia kabla sijaifungua. Akasema ameshaipaka oili vizuri. Nikamwambia aje pia na tambara kavu.